Siku Niliposimama Kwenye Kona ya Mama Kapinga

Asifiwe Bwana, anayeziona kona zote nne kwa wakati mmoja! Ndugu zangu, nawasalimu. Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Papa Ilunga, shofere wa depo la unga, yule anayeketi mstari wa pili na kuandika mahubiri kwenye daftari. Mwaka jana, msimu wa mvua, nilisimama hapa mbele nikatoa ushuhuda. Leo nimekuja kuurudisha.

Mnakumbuka nilivyosema. Nilisema Bwana aliniokoa na mama mmoja mzembe aliyejitupa mbele ya kamyoneti yangu, lile lori dogo la unga. Nilisema polisi hawakunikuta na kosa. Mlipiga makofi, mkaimba. Ndugu zangu, maneno yale niliyaamini, lakini hayakuwa kweli! Niacheni nieleze kwa utaratibu.

Shuleni sikufika mbali. Baba alikuwa mtu wa reli, akafariki mapema, na mengi ninayoyajua nimeyatafuta mwenyewe katika vitabu vikuukuu. Udereva nilifundishwa na Papa Mwape, aliyenitangulia kwenye malori ya njia ya Mokambo. Alinipa desturi ambayo mashofere wengi wa mji wetu wanaifuata hadi leo: ukifika njia panda na hutaki kugeuka, washa taa zote nne za pembeni zipepese pamoja, watu wajue unanyoosha mbele. Taa ya kushoto ni kushoto, ya kuume ni kuume, zote pamoja ni mbele. Niliipenda desturi hiyo. Niliiona kama hesabu safi. Wenzangu wengine walipita njia panda bila kuwasha taa yoyote, nami niliwahurumia.

Baadaye nilinunua kitabu cha sheria za barabarani. Kiko kwa Kifaransa, nikakisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa. Kilisema taa nne ni za gari lililokwama au lililo hatarini. Nilipiga mstari chini ya sentensi hiyo. Kisha nikachukua kalamu nikaandika pembeni: "Hii ni ya Ulaya."

Ndugu zangu, kiburi cha mtu aliyejisomesha ni kibaya! Wengine wanakosa kwa kutosoma. Mimi nilikosa nikiwa nimesoma na kupiga mstari.

Siku ile mvua ilikuwa imekatika mchana. Nilikuwa napeleka unga upande wa Kasapa. Nilifika njia panda isiyo na taa za kuongoza magari wala polisi. Kuume kwangu, kabla tu ya kona, taksibasi ilikuwa imesimama inapakia watu. Niliwasha taa zangu nne, nikapunguza mwendo kidogo, nikaendelea mbele. Upande wa pili wa njia panda, kutoka kona ya kuume, mama mmoja akashuka barabarani. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Haikutosha. Bampa ilimgonga mguu wa kuume uliokuwa umetangulia, akaanguka, mguu ukavunjika.

Niliwaambia polisi kwamba amejitupa. Niliwaambia ninyi pia. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu: mama yule hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea polepole, na alikuwa ananitazama. Mtu anayejitupa hatembei hivyo. Swali hilo lilinifuata kila nilipokaa kwenye usukani.

Basi nikaenda kumtembelea, na mfuko wa unga begani, nikijiona Msamaria mwema. Jina lake ni Mama Kapinga. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye ni mshonaji. Nilimkuta mguu wake umefungwa plasta, umewekwa juu ya kigoda. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa kitambaa, kwa sababu pedali yake anaikanyaga kwa mguu wa kuume.

Alinitazama kwanza mimi, kisha mfuko.

"Papa Ilunga, njo weye, weye mwenyewe, unapita mu kanisa unasema niko mzembe?"

Habari zilikuwa zimefika. Nikasema, "Mama, nimekuja kukuombea."

"Utaomba. Lakini mbele ya kuomba, unijibu kwanza. Ju ya nini ulinionyesha unaenda kushoto, kisha ukakuja kwangu?"

"Mama, niliwasha taa nne!"

"Weye uliwasha nne. Miye niliona moya. Ya kushoto."

Sikuweza kuomba. Niliacha unga mlangoni nikaondoka. Njiani nilijiambia kwamba anadanganya. Lakini, ndugu zangu, akili yangu haikutulia. Mtu akitaka kunisingizia atasema sikuwasha taa kabisa. Kwa nini aseme moja? Kwa nini aseme ya kushoto? Uongo hauna haja ya kuchagua upande. Na kama kweli aliniona nageuka kushoto, basi kutembea kwake polepole kulikuwa sahihi: gari linalogeuka kushoto halifiki kwake.

Jumapili baada ya ibada nilimwendea Papa Mwape, nikamwomba aendeshe kamyoneti kupita pale, akiwasha taa nne, nami nisimame kwenye kona ya Mama Kapinga.

"Weye Ilunga," akacheka, "umemaliza kusoma bitabu, sasa unataka kusoma na barabara?" Lakini alikuja.

Mara ya kwanza hakukuwa na taksibasi. Niliziona taa zote mbili za mbele, kushoto na kuume, zinapepesa pamoja. Nilifurahi, Mungu anisamehe! Nilisema moyoni, "Umeona? Uongo." Mara ya pili taksibasi ilikuwepo, lakini ilisimama nyuma, mbali na kona. Niliziona zote mbili tena. Papa Mwape alipita akatoa kichwa dirishani: "Profesa! Twende nyumbani, watu watasema tunapima barabara ya kuuza!"

Nilimwomba arudie mara moja tu. Safari hii taksibasi ilisimama kabla tu ya kona, pale pale zinaposimama kila siku, watu wanapanda. Kamyoneti ikatokea nyuma yake. Ubavu wa taksibasi ukaficha upande wa kuume wa kamyoneti, taa na yote. Nikaona taa moja tu. Ya kushoto. Inapepesa vizuri, kwa adabu, kama gari linalogeuka kushoto.

Na mguu wangu, ndugu zangu, mguu wangu mwenyewe, ukashuka barabarani!

Nilijua anakuja mbele. Mimi ndiye niliyemtuma! Hata hivyo macho yaliuambia mguu kwamba njia iko wazi, na mguu ukatii. Nilijirusha nyuma. Papa Mwape alipita akipiga honi.

Niliketi ukingoni. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Hakunifungua kutoka mikononi mwa mama mzembe. Alinifungua kutoka katika kiti changu cha shofere, mahali ambapo kwa miaka mingi nilijua taa zangu zote nne zinawaka nikadhani kila mtu anaziona.

Kisha nikamwambia Papa Mwape asimame yeye, niendeshe mimi. Nilizunguka mpaka taksibasi nyingine iliposimama pale pale. Niliporudi kwake nilimkuta amevua kofia.

"Miaka yote hii," alisema.

"Papa, unafikiri ni watu wangapi..."

"Nyamaza, Ilunga. Usinifanye nihesabu."

Jumatatu nilienda polisi kubadilisha maelezo yangu. Afisa aliniangalia kana kwamba ninaumwa. "Papa, hapa bantu banakuja kusema kosa haiko yabo. Weye unakuja kuitafuta?" Lakini aliandika. Tajiri wangu aliniondoa kwenye usukani, nikabeba mifuko ya unga deponi mpaka kiangazi. Mgongo uliuma, lakini nililala usingizi. Gharama za mguu zikawa juu yangu na bima, si juu yake tena.

Siku ile ile nilipotoka polisi nilikwenda kwa Mama Kapinga. Nilimweleza yote, taksibasi, kona, mguu wangu ulioshuka. Nilimwomba msamaha kwa ajali, na kwa ushuhuda niliotoa mbele yenu. Halafu akanyoosha ule mguu wa plasta kwenye kigoda.

"Aya. Sasa njo unaweza kuomba."

Nikapiga magoti sakafuni nikaomba. Sijawahi kuomba hivyo.

Ndugu zangu, Bwana ni mwema! Leo cherehani ile inalia tena. Shati nililovaa limetoka kwake. Namshukuru Mungu kwa mguu wa Mama Kapinga, na kwa ulimi wake ambao haukuogopa kuniuliza. Nanyi mashofere mlio humu, nisikilizeni: kama unanyoosha mbele, zima taa zako. Kama unageuka, washa moja, mapema. Na penye gari lililosimama karibu na kona, nenda kama mtu asiyeonekana, kwa sababu huonekani. Asiyeniamini, tutoke wote baada ya ibada, ni mwendo mfupi. Papa Mwape ataendesha, wewe utasimama. Mtumaini Bwana kwa kila jambo, lakini usitumaini kile unachokiona ukiwa kwenye kiti chako mpaka umeenda kusimama kwa mwenzako.

Wiki iliyopita nilifika tena njia panda ile, nimerudishiwa usukani. Mama Kapinga alikuwa kwenye kona yake, na kifurushi cha vitambaa. Sikuwasha taa yoyote. Nilisimama kabisa, nikavuta breki ya mkono. Hakutazama taa zangu, na uso wangu pia hakuutazama. Aliinama kidogo, akayatazama magurudumu yangu mpaka akahakikisha yametulia.

Kisha akavuka.