Vilima Tisa

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa ametandaza ramani mapajani, anaipima kwa tepu ileile anayopimia viuno vya watu. Pembeni yake alikaa shemeji yake, fundi baiskeli, amekunja mikono kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Jumamosi tunakwenda kwa baiskeli, Jumapili tunarudi," alisema fundi cherehani. "Vilima ni tisa, lakini kila kilima kina mteremko wake. Ukitoa kushuka kwenye kupanda, inabaki njia tambarare."

Hesabu hiyo mimi sikufundishwa shuleni.

"Moyo wako haujui kujumlisha na kutoa, shemeji. Daktari alisemaje?"

"Jumatatu wananilaza, wanipasue. Jumamosi hakuitaja."

"Na dada yangu umemwambia?"

"Nimemwambia naenda kupima sare za shule."

Mwenzake akageukia dirishani. "Baiskeli nimekutengenezea, gia nimekuwekea nyepesi kuliko zote. Sasa kila nikilala naota naikokota kuirudisha, wewe hupo."

"Basi usilale." Aliikunja ramani taratibu, kama shati la mteja. "Miaka thelathini nimekaa kwenye cherehani naviangalia vile vilima. Nikipasuliwa nisiamke, angalau niwe nimeona upande wa pili."

Basi likasimama. Shemeji akatangulia kuteremka. Fundi cherehani akashuka ngazi moja, akang'ang'ania chuma, akabaki hapo anahema, na sisi wote nyuma yake tukingoja.

"Na huo ni mteremko, shemeji," alisema yule wa chini, akimpa mkono.