Saa ya Ganda la Kombora

Kwenye lile benchi la kona, ubavuni mwa duka la kinyozi, hajawahi kukaa mtu akakosa maoni. Asubuhi hiyo Waya, fundi redio, alikaa pembeni kabisa, roho juu, amepakata saa ya mama mkwe wake. Mwili wa saa ulikuwa ganda la shaba la kombora la vita vya zamani, limekatwa, likasuguliwa likang'aa, kisha likatobolewa tumboni na kupachikwa uso wa saa. Aliitengeneza marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na tangu azikwe haikulia tena. Waya, kwa kiherehere chake, akajitolea kuifufua. Huyu ndiye yule ambaye pasi aliyoitengeneza iliunguza gauni jipya la mama mkwe siku ya sherehe. Leo mama alikuwa anaifuata saa yake, nayo haijasema neno. Akishindwa na hii pia, katika nyumba ile hataaminiwa kubadilisha hata balbu.

— Umefungua kote? akauliza Kinyozi.

— Kote. Ila huku chini pana kifuniko hakitoki.

Hapo Kanali akashusha kikombe. Kanali hajawahi kuwa askari. Alilinda geti la kiwanda cha unga, sare ikamkaa, jina likamganda.

— Hakitoki kwa sababu hakitakiwi kutoka. Baruti bado imo.

Kinyozi, asiyekubali kupitwa, akadai marehemu hakuwa mjinga: aliitega kwa ajili ya mkwe asiyempenda. Kanali akaongeza kwamba mishale ikikutana juu, mtaa mzima unahamia mbinguni. Muuza kahawa akasema basi afadhali imesimama, akatua buli lake benchini kwa kishindo.

Saa ikaanza. Ta, ta, ta.

Siku nyingine Waya angecheza kwa furaha. Sasa aliisukuma mbali na tumbo lake.

— Msipaze sauti, akanong'ona Kanali. Sauti ndiyo huilipua.

Wakailaza benchini kama mtoto mchanga, wakanyata wote wanne hadi nyuma ya ukuta, buli likabaki. Wakachungulia. Mishale ilikuwa inakaribiana. Ndipo mama mkwe akatokea, mkoba kwapani, anakwenda moja kwa moja kwenye benchi.

Waya akapunga mikono. Akafanya ishara ya kukimbia, ya kulala chini, ya kufa. Mama akadhani anasalimiwa, akapunga naye. Waya akafungua mdomo amwite, Kanali akauziba kwa kiganja. Na tuseme kweli, Waya hakupambana sana.

Mama akakaa, akaisikiliza saa. Uso wake ukalainika, akaipapasa ubavu huku midomo ikimcheza kama anayeongea na mtu. Kisha akajimiminia kahawa. Mishale ikakutana. Kengele ikalia. Kinyozi akajitupa chini na kufunika kichwa. Mishale ikapishana, mama akajiongezea kikombe.

Wakatoka mmoja mmoja, wakijikung'uta vumbi. Waya, kwa kukosa uongo wa karibu, akaeleza yote. Mama akacheka mpaka machozi. Kile kifuniko alikichomelea marehemu mwenyewe, baada ya kuchoka kutoa peremende ambazo watoto walizificha humo. Akajifuta macho, kisha akamgeukia Waya, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

— Saa umeiweza, mkwe wangu, hilo nakupa. Nina swali moja tu. Mlipoona nakaa hapa, nani kati yenu alikuwa njiani kuja kunitoa?

Waya akamtazama Kanali. Kanali akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama muuza kahawa, naye akalitikisa buli, akakuta halina hata tone, akaondoka nalo bila kuaga. Waya aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama akamrudishia saa mikononi, akashika njia ya nyumbani.

— Ibebe, akasema. Na utembee karibu yangu.