Cherehani Iliyotangulia

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, mkabala na duka la vioo. Mama Kahawa huweka jiko lake pembeni, nasi tunatatua matatizo ya dunia juu ya mbao tatu. Leo tatizo lilikuwa la Fundi Suti. Alipata mtu mtandaoni wa kubadilishana naye: atoe cherehani yake ya miguu, aletewe ya umeme. Yake akaituma. Wiki ya tatu hii, ya umeme haijafika, na bibi harusi anataka gauni Jumamosi.

— Nenda polisi, alisema Kinyozi. Huo utapeli mtupu.

— Watakwambia mlikubaliana wenyewe, alisema Wakili, ambaye aliwahi kufagia ofisi ya mawakili na hajashuka tangu siku hiyo. Kwanza barua ya madai, yenye muhuri.

— Muhuri wa nani? aliuliza Dereva.

— Wowote. Mtu akiona muhuri, magoti yanalegea.

— Hata wa shule ya chekechea?

— Nyamaza wewe, sheria huijui!

— Naijua sana. Cherehani ikivuka mpaka wa wilaya bila mwenyewe, hiyo ni mkimbizi. Tuipeleke kesi Umoja wa Mataifa.

— Jamani, alisema Fundi, nyie mnacheka, mimi nashona kwa mkono. Vidole vimevimba. Yule binti nitamwambia nini?

Hapo akapita shemeji yake Fundi, karani wa mahakama. Aliomba simu ya Fundi, akasoma taratibu ujumbe wa yule mtu wa mtandaoni.

— Shemeji, mbona kesi ipo? Fungua madai madogo, wakili huhitaji. Ahadi yake ya siku saba hii hapa, na risiti ya mzigo unayo.

Wakili alikohoa. Shemeji akabonyeza ujumbe wa sauti ambao Fundi aliurekodi hapa hapa benchini siku ya makubaliano. Kelele zikajaa barabara: “Tuma, Fundi! Sisi sote mashahidi!”

— Safi kabisa, alisema shemeji. Sasa, kati yenu, nani anakuja Jumatatu saa tatu kusema hayo mbele ya hakimu?

Mama Kahawa aliacha kumimina. Fundi alitutazama mmoja mmoja, na kusema kweli iliniuma. Kinyozi alikumbuka mteja. Dereva alikwenda kukagua tairi. Wakili alikuwa na msiba, bado hajajua wa nani. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu, nikakuta nimevaa kandambili.