Anselm Lugembe, Aliyebeba Mzigo Kichwani

Leo ni Jumapili, tarehe nane Machi, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tisa. Asubuhi hii Tabora imeamka na manyunyu. Mawingu yameshuka mpaka karibu na mabati, na waliotoka misa ya kwanza wamerudi nyumbani na viatu mikononi.

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe kwenu. Mmezoea kucheka saa kama hii. Leo naomba mnivumilie. Anselm Lugembe amefariki. Narudia, kwa waliosimama nyuma, mbali na kipaza sauti, na hawakusikia vizuri: Anselm Lugembe, mchekeshaji wetu, yule wa sinema mliyemwita Kishindo, amefariki dunia Jumanne iliyopita katika hospitali ya Kitete. Aliugua homa ya mapafu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizikwa Alhamisi, kwao Bukene.

Alizaliwa hapo hapo Bukene. Baba yake, Mzee Lugembe, ni mkulima wa karanga. Lakini katika ujana wake alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi mara sita, kwa miguu, na pembe za ndovu begani. Begani, wasikilizaji. Likumbukeni neno hilo. Kwa Mnyamwezi wa zamani, mwanamume alibeba mzigo begani. Kichwani walibeba wanawake. Mpaka leo Mzee Lugembe ana sugu kwenye bega la kulia, ngumu kama kwato.

Anselm alipokuwa kijana alikuja mjini akapata kazi kwenye reli, ya kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa. Mimi nilimfahamu kwenye darasa la jioni. Tulikuwa watu wazima wenye watoto, tukijifunza kugawanya. Siku moja mwalimu akamwuliza, "Anselm, watu watano wakigawana maembe matatu, kila mmoja atapata nini?"

Anselm akasimama kwa adabu. "Mwalimu, watatu watapata maembe. Wawili watapata hasira."

Mwalimu alishindwa kuendelea na somo. Ndivyo alivyokuwa. Hakumtukana mtu ili watu wacheke. Na kabla ya kupanda jukwaani alikuwa akipiga ishara ya msalaba, hata kama jukwaa lenyewe ni masanduku mawili ya sabuni.

Mwaka hamsini na tano walikuja wapiga picha za sinema. Wakamchagua Anselm awe mpagazi Kishindo. Wengi wenu mmeiona sinema hiyo. Kishindo ana furushi kubwa kichwani. Ana adabu nyingi. Kila akikutana na mzee, anainama, "Shikamoo!" Furushi linaanguka. Analipandisha tena. Mzee mwingine huyu hapa. Mwisho anaona kikao cha wazee kumi na wawili, na anaanza kulia kabla hajafika. Kutoka Kigoma mpaka Dodoma watu walicheka mpaka wakashikana.

Lakini gari la sinema lilifika pia Bukene. Shuka jeupe likatundikwa, watu wakakaa, na Mzee Lugembe akaletewa kigoda mbele kabisa. Mwanawe alipotokea na furushi kichwani, watu wakapiga vigelegele. Mzee akasimama. Akachukua kigoda chake, akaondoka.

Kesho yake alisema neno moja tu kwa jirani: "Mwanangu amenivalisha kanga mbele ya Bukene nzima."

Tangu siku hiyo hakuzungumza na Anselm. Miaka mitatu na zaidi, wasikilizaji. Anselm alikwenda nyumbani mara mbili, akakuta mlango umefungwa. Akamtumia baba yake shati jipya, lililoshonwa na rafiki yake Mfaume, fundi cherehani wa Gongoni. Shati likarudi kwa gari moshi na mikunjo yake ile ile. Mkewe, Josepha, ameniambia, "Mume wangu alichekesha watu kila Jumamosi. Jumapili alikuwa anapiga magoti anamwombea baba yake, na hapo hakuwa na mzaha hata kidogo."

Mwezi uliopita Anselm akalazwa Kitete. Hali ikawa mbaya. Josepha alipeleka habari Bukene, Mzee hakuja. Ndipo Mfaume akafunga duka, akapanda gari moshi kwenda Bukene. Mfaume ni Mzaramo, na nyote mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu siku za misafara. Neno ambalo mtoto hawezi kumwambia mzazi, mtani atalisema, na hakuna wa kumkasirikia.

Akamkuta Mzee uani, anabangua karanga.

"Wewe Mnyamwezi mwenye majivuno," Mfaume akamwambia. "Pwani ulifika kwa miguu. Leo gari moshi linapita mlangoni, unashindwa kufika Kitete?"

"Nyamaza, Mzaramo. Tulipopita kwenu mlikuwa mnajificha kwenye mihogo."

"Tulijificha kwa sababu ya harufu! Jasho la siku tisini si mchezo." Kisha Mfaume akachutama mbele yake. "Mtani, mwanao anaumwa. Usiningoje nije mara ya pili. Mara ya pili nitakuja na habari nyingine."

Mzee akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na fimbo na kofia.

Yaliyotokea wodini nimesimuliwa na Josepha. Anselm alikuwa amelala. Aliposikia fimbo sakafuni akafumbua macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee hakukaa. "Kwa nini kichwani? Nilikufundisha begani."

"Nilibeba begani, baba. Mara tatu. Bwana wa picha akakataa. Alisema mzigo ukiwa begani unaficha uso, watu hawatanijua."

Mzee akakisogelea kitanda. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia, ukafunga mlango. Nikakutumia na shati, ukalirudisha."

"Shati lilikuwa dogo."

"Dogo!" Mfaume akapaza sauti kutoka mlangoni. "Hukulikunjua hata kidogo, mzee mwongo wewe!"

Wodi nzima ikacheka. Anselm akacheka mpaka akakohoa, na Mzee akakaa kitandani akamshika mgongo. Hakuondoka tena pale. Kwa siku tatu alimnywesha uji kwa mkono wake. Anselm alipokata roho, Jumanne alfajiri, baba yake ndiye aliyemfumba macho. Tumshukuru Mungu kwa siku tatu hizo. Angeweza kutunyima.

Kwa Mzee Lugembe, kwa mama Josepha na watoto, kwa ndugu wa Bukene na wafanyakazi wenzake wa reli, tunawapa pole kwa moyo wote. Bwana ampe Anselm pumziko la milele. Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaomba jambo moja. Kama kuna mtu uliyemgeuzia mgongo kabla hajamaliza kusema, mwendee wiki hii. Mwulize. Kisha kaa chini umsikilize.

Nilikuwepo mazikoni Alhamisi. Padri alipomaliza sala, Mfaume akadai haki yake ya utani, ya kufanya mzaha hata mazikoni. Akajitwika jembe na kapu la udongo kichwani, akalizunguka kaburi akiwainamia wazee, "Shikamoo! Shikamoo!" na udongo ukimwagika kila mahali. Watu walitaka kucheka, lakini kwanza wakamtazama Mzee Lugembe.

Mzee akainuka. Akasimama pale kaburini kwa fimbo yake, mbele ya padri, mbele ya Josepha na wajukuu, mbele ya sisi sote. Akasema kwa sauti kubwa, ili hata wa nyuma wasikie:

"Nisikilizeni, watu wa Bukene. Nimeambiwa gari la sinema litarudi hapa baada ya mavuno. Likija, nitakaa mbele, na sitaondoka mpaka mwisho. Mzigo sitautazama. Nitautazama uso wa mwanangu."