Soli ya Kiatu cha Archie Gault

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu Bwana Crichton, Bwana Mhariri, Bwana Walter Haddow, yaani Wattie wetu, ambaye leo tunakuaga, pamoja na mkeo, binti yenu Moira, uliyepanda treni alfajiri kutoka Aberdeen, ndugu zangu wachoraji, na wewe Tam, dereva wetu, unayesimama mlangoni ukitazama saa: habari za mchana.

Nimeambiwa, “Effie, dakika tano tu, useme mazuri, kisha tukate keki.” Mazuri nitayasema. Keki itangoja.

Kwa miaka ishirini na sita Wattie amemchora Archie Gault, mshambuliaji wa Kirkmoor, mtu asiyekuwepo duniani ila katika kurasa mbili za jarida letu la Kishindo. Nani humu asiyemjua Archie, aliyempokonya refa filimbi na kuitupa mtoni, aliyeipiga teke ndoo ya maji ikamlowesha kocha wake mwenyewe, aliyetolewa uwanjani mara nyingi kuliko alivyofunga mabao? Na nani humu amewahi kumsikia Wattie akipaza sauti? Mtu huyu akikanyagwa kwenye basi, ni yeye anayeomba radhi.

Basi ile hasira ilikuwa ikitoka wapi? Mimi naijua, kwa sababu nilikuwa nikiichokoza kwa mkono huu.

Kwa wageni wasionijua, kazi yangu ni brashi na chupa ya rangi nyeupe. Mchoraji akikosea mstari, nafuta. Akitia sahihi, nafuta pia. Ndiyo sheria ya nyumba hii: mchoraji hana jina, ili watoto waamini Archie yupo, na ili makampuni mengine yasijue wa kumrubuni. Wattie alilificha jina lake kila wiki, mara kwenye kamba za mpira, mara kwenye ndevu za refa, nami kila Jumanne nikalitafuta kwa kioo cha kukuzia nikalifuta. Tulikuwa tukicheka. Refa alimwandika Archie kitabuni kila wiki, na aliyemchora hakuandikwa popote, nasi tulicheka.

Moira, mwanangu, ulikuwa na miaka minane. Ulisema darasani kwamba baba yako ndiye anayemchora Archie Gault. Mwalimu akakuita mwongo. Wattie akakuambia, “Jumamosi tazama soli ya kiatu chake.” Jumatatu ukalibeba jarida shuleni, ukalifungua mbele ya darasa zima, na ile soli ilikuwa nyeupe tupu. Ukaandikishwa mara mia, “Sitasema uongo tena.”

Ile soli niliifuta mimi.

Wattie alikuja kwangu asubuhi iliyofuata. “Effie, dada yangu, ile ya kwenye soli uliiona?”

“Niliiona, nikaifuta. Kazi ni kazi, Wattie.”

“Haya,” akasema, na akatoka akisahau kofia yake. Wiki ile Archie alivunja mlango wa chumba cha kubadilishia nguo kwa kichwa. Barua za wasomaji zikaja magunia mawili. Juu, ghorofani, wakubwa walipongezana.

Nakusikia, Bwana Crichton, unasema inatosha. Haitoshi. Kaa, tafadhali, sijafika kwenye mazuri.

Jana Wattie alileta ukurasa wake wa mwisho. Nikachukua kioo changu. Nikatafuta kwenye kamba, kwenye ndevu, kwenye mabango, kwenye soli zote mbili. Hapakuwa na kitu. Nikamfuata ngazini, nikamwambia, “Wee mzee, umelificha wapi safari hii? Macho yananiuma!”

Akasema, “Sikuliweka, Effie. Nimechoka kukupa kazi.”

Ndugu zangu, nililia pale ngazini, na sioni haya kusema. Kisha nilirudi mezani, nikachukua kalamu badala ya brashi, na kwa herufi kubwa, chini ya miguu ya Archie, nikaandika: MCHORAJI: WALTER HADDOW.

Ukurasa huu hapa. Shikeni mpitishiane, wino umekauka. Saa kumi kasoro dakika nne. Saa kumi kamili Tam anaupeleka kiwandani kuchapwa, na ukishafika pale hakuna anayeweza kuugusa. Bwana Crichton, brashi hii hapa mbele yako, na chupa nimekufungulia. Nimebakiza miaka miwili nipate pensheni yangu, najua, huna haja ya kunikumbusha. Lakini jina hili mimi silifuti. Kama lazima lifutwe, inuka ulifute mwenyewe, hapa, Moira akikutazama.

Tunangoja.

Wattie, kaa. Usimwombee radhi mtu yeyote leo.

Bado tunangoja, Mheshimiwa.

Haya, Tam, chukua. Shuka mbio, na usimfungulie mtu mlango wa gari.

Moira, Jumamosi kanunue nakala mbili. Moja umwekee huyo mwanao uliyempakata. Ya pili mpelekee yule mwalimu, kama yu hai, na wala usihangaike kutazama soli.

Bwana Mkurugenzi, nashukuru kwa kubaki kitini. Wattie, nisamehe, ndugu yangu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza na kunivumilia. Sasa kateni keki.