Orodha ya Bibi Isiyo na Mabano

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea kibanda cha fundi viatu, na birika la kahawa ambalo halipumziki. Asubuhi hiyo Kibodi, mwandika programu za kompyuta, alikaa katikati, kompyuta mapajani. Jumapili bibi yake anatimiza miaka tisini. Macho hayaoni tena, ndiyo maana ameomba kitu kimoja tu: kila mjukuu aitwe kwa jina, aje na mzazi wake, wamshike mkono. Mwaka jana nyumba za watoto wake ziligombea kuitwa kwanza, zikanuniana hadi jioni, na bibi akalia. Safari hii orodha amekabidhiwa Kibodi, naye ameapa bibi halii tena.

— Nyumba nimezifuta, alisema. Kila nyumba ilikuwa na mabano yake, watoto ndani. Nimeyavunja yote. Wajukuu thelathini na mmoja, mstari mmoja, mdogo mbele, mkubwa nyuma.

— Hapo umesema, alidakia Soli, fundi viatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana mimi kuta sizipendi.

— Methali hiyo umeivalisha kiatu cha mwenzake, alisema Chaki, mwalimu mstaafu. Lakini hoja ina miguu. Hebu fikiria shule bila madarasa. Wote chumba kimoja, waliofaulu na waliofeli.

— Shule tu? Vunja na nyumbani. Jiko, kitanda, choo, vyote mstari mmoja.

— Choo kiache, Soli, alisema Chaki.

— Kwa nini kibaguliwe? Umoja ni nguvu.

Kibodi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Hapo akatokea shangazi yake na kapu la dawa. Ndiye anayeishi na bibi, anayemwogesha na kumlisha.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, baba. Hebu nisomee hiyo orodha.

Kibodi akasoma majina yote thelathini na moja. Shangazi aliitikia kila jina kwa kichwa, mengine akitabasamu.

— Majina mazuri. Na mimi nitakwenda na nani?

Soli akainamia kiatu ambacho alishamaliza kukishona. Shangazi hakujaliwa mtoto. Mabano yake yalikuwa matupu, na mabano matupu yakivunjwa hayaachi hata alama. Programu haikukosea kitu. Kibodi ndiye aliyekosa kutazama.

— Nisamehe, shangazi.

— Usijali, mwanangu. Nitakuwa jikoni.

Akageuka aende zake. Miaka sita mama yake Kibodi alipokuwa akifanya kazi mbali, ni shangazi huyu aliyempikia, akamfulia, akamfundisha kusoma.

— Subiri kidogo, shangazi.

Kibodi akafungua orodha ya mwanzo, yenye mabano. Akatoa jina lake mwenyewe katika nyumba ya baba yake, akaliandika ndani ya mabano ya shangazi, kisha akayavunja yote upya.

— Baba yako atasemaje? aliuliza Chaki.

— Baba anao wengine wanne.

Shangazi akachungulia kioo cha kompyuta. Majina yalikuwa yaleyale, kwa mpangilio uleule.

— Mbona haijabadilika?

— Ndiyo, haionekani. Lakini Jumapili ukisikia jina langu, shangazi, nipe mkono twende.