Matundu Mawili Ubavuni mwa Gari Jekundu

Mzee wetu, mliyezoea kumwita Bwana Nembo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, mtoto wa tatu kati ya sita. Alikuja wiki tatu kabla ya siku zake, na mama yake alipenda kusema kwamba hata tumboni alichoka kusubiri. Tangu hapo akawa kiguu na njia. Chai yake ilipoa kila siku mezani huku mwenyewe yuko barabarani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akamaliza sekondari 1970, na mwaka 1973 akahitimu chuo cha ufundi wa magari. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Majibu ni sahihi. Shida ni kumkalisha." Ripoti hiyo tunayo.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika stoo ya vipuri. Kuanzia 1986 hadi alipostaafu 2019 alikuwa mkaguzi wa chama cha wenye magari ya spoti ya zamani. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kama nembo za nje, za boneti, za ubavuni na za buti, ni zile zile zilizotoka kiwandani, na kama zimekaa mahali pake. Aliwafundisha wakaguzi wote waliomfuata kwamba rula peke yake haitoshi: toa nembo, chungulia ndani ya tundu linaloishika. Tundu la kiwandani lilitobolewa kabla ya gari kupakwa rangi, kwa hiyo kingo zake zimebeba rangi ya kwanza. Tundu la gereji huonyesha chuma kitupu, au kutu.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1980. Mlangoni mwa ukumbi alimwacha bibi harusi amesimama, akaenda kuchuchumaa nyuma ya gari la kukodi, akarudi na vumbi magotini. "Ile nembo ya buti ni ya gari jingine kabisa," alisema. Mkewe akamuuliza, "Na mimi je, umeshanikagua?" Aliyecheka kuliko wote ni kaka wa bibi harusi, fundi rangi. Tangu siku hiyo mashemeji hao wakawa hawaachani, gereji kwa gereji, kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hapa inabidi tuseme alichotuagiza tuseme. Mwezi Agosti 2011 aliletewa gari jekundu la milango miwili, la mwaka 1967, ambalo shemeji yake alikuwa amelipaka rangi upya. Nembo ya ubavuni ilikuwa milimita sita nje ya kipimo cha kitabu cha kiwanda. Siku ile alikuwa na magari mengine manne, na miguu inamwasha. Alipima, hakuitoa nembo. Mbele ya wanachama wote akatamka kwamba matundu yake mawili yametobolewa gereji.

"Shemeji, mimi sijagusa drili," fundi rangi alimwambia. "Nembo nimeikuta pale pale."

"Rula haina undugu," akajibu mzee wetu.

Wateja wakamkimbia fundi yule. Mwaka 2013 alifunga gereji. Hakukanyaga tena nyumbani kwetu, na mama yetu akawa anamtembelea kaka yake peke yake, akirudi macho mekundu.

Februari 2020, akiwa ameshastaafu, mzee wetu alionyeshwa gari pacha wa lile, lililotoka kiwandani mwezi ule ule, ambalo halijawahi kupakwa rangi tena. Nembo yake ilikuwa milimita sita nje. Hakula siku ile. Kesho yake alikwenda kuomba ruhusa kwa mwenye gari jekundu, akaitoa nembo, akamulika tochi. Kingo za matundu zilikuwa na rangi ya kwanza ya kiwandani. Alisema aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

Mwaka huo moyo wake ukaanza kuugua. Daktari alimwamuru apumzike. Yeye alizunguka nyumba akihesabu hatua. Mara nne aliendesha gari hadi getini kwa shemeji yake, na mara nne akageuza. Mara ya mwisho mama alikuwa naye. "Baba watoto, ingia au turudi," alimwambia. "Geti haliumi." Akajibu, "Nitakuja Jumatano." Alifariki Jumanne, tarehe 8 Juni 2021, saa nne asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu.

Wiki moja kabla alimwandikisha binti yake maneno haya: "Nilimhukumu mbele za watu, basi nisahihishwe mbele za watu. Shemeji yangu hakutoboa. Mimi sikuchungulia."

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano na dada wawili. Ameacha pia shemeji yake, fundi rangi. Tunachapa karatasi hii ya mazishi bila kujua kama atakuja. Mjomba, ikiwa umo humu, usisimame nyuma. Nafasi yako ni safu ya familia, kando ya dada yako. Nenda ukakae, ili na mzee wetu apate kutulia.